Profesa Hupanda Ndege, Asistanti Hubaki

Kwa miaka mingi wanafunzi wa chuo kikuu mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, walijua kalenda ya masomo kwa kutazama juu. Ndege ndogo ikiinama kuelekea uwanja wa Rughenda, habari hufika darasani kabla abiria hawajashuka: profesa amekuja. Kesho yake kozi inaanza. Hufundishwa asubuhi na alasiri, siku baada ya siku, hadi somo ambalo kwingine huchukua muhula mzima limalizike kwa majuma machache. Mtihani hufanywa, karatasi hukusanywa, na profesa hurudi Kisangani au Kinshasa. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,600 hata kwa mstari ulionyooka angani, na hakuna barabara ya kutegemewa ya kuifikia.

Ndege ikishapaa, mwanafunzi hubaki na daftari lililojaa na kichwa chenye maswali. Wa kuulizwa ni mmoja tu: asistanti. Huyu ni kijana aliyemaliza masomo yake juzi tu, kitivo kikambakiza kwa sababu alama zake zilikuwa nzuri. Ndiye anayesimamia mazoezi. Mwanafunzi anapoandika kazi yake ya kumaliza mzunguko wa kwanza, ile inayoitwa TFC, kwenye jalada huandikwa majina mawili: la mkurugenzi wa kazi, ambaye aghalabu ni profesa au mkuu wa kazi (cheo kilicho kati ya asistanti na profesa), na chini yake la *encadreur*, yaani msimamizi wa karibu. Jina la kwanza huipa kazi heshima. La pili ni la yule aliyeisoma mara tatu kwa kalamu nyekundu, akakaa na mwanafunzi hadi jioni kumweleza kwa nini sura ya pili haisimami.

Leo ulimwenguni kote vyuo huunda programu za ulezi wa wanafunzi, zenye waratibu na fomu za tathmini. Butembo na jirani yake Beni nazo zina programu za namna hiyo, na tutazifikia. Lakini historia yao inaanza na huyu aliyebaki, na haiwezi kueleweka pasipo kuuliza kwanza ilikuwaje yeye awe peke yake.

Njia ndefu ya kwenda kusoma

Wabelgiji walitawala Kongo kwa miongo mingi bila kujenga chuo kikuu. Shule za msingi za misheni zilikuwa tele, seminari zilikuwapo, na upande huu wa kaskazini mwa Kivu mapadre Waasumpsionisti walifika mwaka 1929 wakafungua misheni na shule. Lakini mlango wa juu ulikuwa umefungwa. Chuo Kikuu cha Lovanium, tawi la Louvain ya Ubelgiji, kilifunguliwa karibu na Kinshasa mwaka 1954. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika thelathini. Nchi yenye ukubwa huo ilianza safari karibu bila mtu aliyetangulia kuipita njia hiyo na kumshika mwenzake mkono.

Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo kikuu cha tatu nchini, huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Kwa kijana wa Butembo, Lubero au Beni hicho ndicho kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa zaidi ya kilomita 700 ndani ya msitu. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, na vitivo vikagawanywa mikoani. Aliyetaka kuwa daktari wa mifugo alikwenda Lubumbashi, ncha nyingine ya nchi. Aliyetaka kilimo alikwenda Yangambi, kando ya mto Kongo. Mwana wa mkulima wa viazi kutoka milima ya Lubero alijikuta ugenini kabisa, lugha ya sokoni ni Kilingala, barua ya nyumbani inachukua miezi.

Ulezi wa siku hizo ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ulitoka Ubelgiji pamoja na mitaala: mwanafunzi mpya, *bleu*, alipitishwa katika siku za dhihaka na mateso madogo, kisha akapata mkubwa wa kumwangalia, parrain wake. Mkubwa huyo alimwonyesha maktaba na kumpa notisi za mwaka uliopita, na wakati mwingine alimlia chakula chake pia. Wa pili ulitoka nyumbani. Wayira, ambao wengi huwaita Wanande, wana neno *kyaghanda*: nyumba ya baraza ambamo wazee na vijana walikaa kuzunguka moto, habari zikitolewa na mashauri yakikatwa. Walipotawanyika mijini, jina hilo waliutwika ushirika wao wa kusaidiana. Mwanafunzi aliyefika mji wa mbali akiwa na sanduku moja aliulizia watu wa kwao, nao ndio waliojua chumba kilipo na nani amkopeshe hela za mwezi wa kwanza.

Serikali, kwa upande wake, iliwaogopa wanafunzi zaidi ya kuwalea. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi waandamanaji wa Lovanium mjini Kinshasa. Wenzao walipowakumbuka marehemu hao miaka miwili baadaye, walipelekwa jeshini. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa, wanafunzi wakauawa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Mzazi wa Butembo aliyekuwa na mtoto Lubumbashi alisikia habari hizo redioni, na simu ya kumpigia hakuwa nayo.

Askofu na wafanyabiashara

Kufikia hapo, Butembo ilikuwa imeanza kutafuta njia yake. Mtu wa kutajwa hapa ni Emmanuel Kataliko. Alizaliwa mwaka 1932, na mwaka 1966 akawa askofu wa jimbo ambalo leo linaitwa Butembo-Beni. Alikaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka thelathini. Watu wa jimbo lake walikuwa wakulima na wafanyabiashara: kahawa iliyoshuka hadi Kasindi ikavuka mpaka kuingia Uganda, vitambaa na vyombo vilivyorudi kutoka Mashariki ya mbali, magari mazito yaliyokwama matopeni. Walikuwa wamezoea kwamba kisichojengwa na wenyewe hakitajengwa na Kinshasa.

Mwaka 1989, utawala wa Mobutu ulipoulegeza mkono wake juu ya elimu ya juu, jimbo lilianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG. Graben ni neno la Kijerumani ambalo wanajiolojia hulitumia kwa bonde lililodidimia kati ya mipasuko ya ardhi. Hapa ni lile Bonde la Ufa la magharibi, lenye Ziwa Edward na mto Semuliki. Chuo kilikuja kuwa na vitivo vya kilimo, tiba ya mifugo, tiba ya binadamu, sheria na uchumi, kwa hiyo mtoto wa mfugaji hakulazimika tena kwenda Lubumbashi ili ajifunze magonjwa ya ng'ombe wa kwao.

Majengo yaliwezekana. Kilichokuwa adimu ni walimu. Profesa hachomwi kama tofali: ni shahada ya chuo, kisha miaka ya uasistanti, kisha ukuu wa kazi, kisha udaktari, ambao wengi huenda kuusomea ng'ambo. Ni safari ya miaka kumi na zaidi, na Butembo haikuwa na watu walioimaliza. Tena chuo hakikuwa kimetimiza hata mwaka pale mauaji ya Lubumbashi yalipoifanya Ubelgiji isitishe ushirikiano na Zaire, ule uliokuwa ukileta walimu na misaada ya masomo. Baada ya hapo sarafu iliporomoka, mishahara ikawa kama chenji, na tangu miaka hiyo ya mwanzo ya 1990 wazazi wakaanza kumlipa mwalimu wenyewe kutoka mfukoni, desturi ambayo ilienea nchi nzima.

Hivyo ndivyo profesa wa ndege alivyozaliwa. Chuo kilimkodi kwa majuma machache, wazazi wakauza kahawa au mbuzi kulipa minervali, yaani ada ya masomo, iliyomlipa, na mwendelezo wote wa masomo ukawekwa mabegani mwa asistanti. Hakuna aliyeuita mpango huo programu ya ulezi. Ulikuwa ufumbuzi wa shida tu. Lakini kwa kuwa asistanti alipanga nyumba mtaa uleule na kununua bugali soko lilelile, alijua mambo ambayo profesa hangeweza kuyajua: nani hakuja kwa sababu ya malaria, nani amefukuzwa kwenye chumba cha kupanga, nani ana akili sana lakini baba yake amefariki.

Mstari wa vita

Vita vya 1996 vilipita, Mobutu akaanguka Mei 1997, na Agosti 1998 vita vya pili vikaikata nchi vipande. Butembo na Beni ziliangukia upande wa waasi wa RCD. Kiongozi wa kwanza wa waasi hao alikuwa, ajabu ya dunia, profesa: Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chama kilipasuka mwaka 1999, na tawi lililokuja kuongozwa na Mbusa Nyamwisi likaifanya Beni makao yake. Hadi 2003 mstari wa vita ulipita kati ya mwanafunzi wa Butembo na mji mkuu wa nchi yake.

Kataliko alikuwa amehamishiwa Bukavu mwaka 1997, kuziba pengo la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliyeuawa Oktoba 1996. Waraka wake wa Krismasi ya 1999 dhidi ya uonevu uliwaudhi waliotawala Bukavu. Mwezi Februari 2000 walimzuia kurudi kwenye jimbo lake, wakampeleka uhamishoni, na uhamisho wenyewe ulikuwa Butembo, makao ya jimbo aliloliongoza miaka thelathini. Alikaa huko miezi saba. Aliruhusiwa kurudi Bukavu Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akafariki akiwa Italia.

Aliacha watu. Mmoja wao alikuwa padre wa jimbo la Butembo-Beni, Apollinaire Malu Malu, aliyesoma hadi Ufaransa kisha akarudi na kuwa rekta wa UCG. Mwaka 2003 alichaguliwa kuongoza tume huru ya uchaguzi, na tarehe 30 Julai 2006 Wakongo walipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu miaka ya 1960 chini ya usimamizi wake. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu, hasa kwa siasa zilizofuata. Kwa historia hii yatosha kusema kwamba ngazi iliyojengwa na jimbo, ya kumlea kijana, kumtuma akasome na kumpa kazi arudipo, ilikuwa imemfikisha mtu kileleni.

Jembe na kitabu, Beni

Kilomita kama hamsini na nne kaskazini, Beni ilisubiri hadi 2007. Mwaka huo kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, kijulikanacho kwa herufi UCBC. Mwanzilishi wake, David Kasali, Mkongo, alikuwa ameongoza chuo cha theolojia cha kiinjili jijini Nairobi kabla ya kuamua kurudi nyumbani na mkewe Kaswera. Lugha mbili ni Kifaransa na Kiingereza, kwa hesabu rahisi: mpaka wa Uganda uko karibu, Kinshasa iko mbali.

UCBC ililipanga jambo ambalo Butembo ilikuwa imelifanya bila kupanga: iliuweka ulezi ndani ya ratiba. Kila juma kuna saa za kazi za mikono, na kila mmoja hushiriki, mwanafunzi kwa mwalimu. Wanafyeka, wanafagia, wanabeba, wanapanda. Mkongo yeyote analijua neno *salongo*, kazi ya umma ya enzi za Mobutu, ambapo raia alisafisha mfereji huku chifu akisimama kivulini. Hapa mantiki imegeuzwa. Katika nchi ambayo mwenye shahada huitwa bosi na hutarajiwa kutoshika jembe, mwanafunzi anamwona mhadhiri wake akiwa na matope magotini. Maswali ambayo mtu hathubutu kuyauliza akiwa mbele ya meza ya ofisi huulizwa hapo, wawili wakiwa wameshika ncha mbili za ubao mmoja.

Waliokuwa na mashaka walikuwapo tangu mwanzo, na mashaka yao yana msingi. Mzazi amelipa ili mwanawe asome, si ili afyeke. Jibu la waanzilishi lilikuwa kwamba taifa halikukosa wasomi tu. Lilikosa wasomi wanaotumikia, na utumishi haufundishwi kwa notisi.

Mtambaazi wa msituni

Programu nyingine ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia: kemia. Katika misitu ya Kongo mna mimea mirefu itambaayo juu ya miti, ya jenasi iitwayo *Ancistrocladus*. Profesa Gerhard Bringmann wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, alitumia miaka mingi kuchunguza kemikali zake, baadhi zikiwa na nguvu dhidi ya vimelea vya malaria. Katika kazi hiyo alishirikiana na mkemia wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, Virima Mudogo. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii wawili hao wakaanzisha mfuko wa masomo uitwao BEBUC, kwa wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo, na UCG ya Butembo ikawa miongoni mwa vyuo hivyo.

Waanzilishi walianza na tatizo lilelile la ndege. Maprofesa wa Kongo walikuwa wakizeeka na kustaafu upesi kuliko walivyozaliwa wapya. Kwa hiyo BEBUC haikutaka kumlipia mtu ada tu na kumwacha. Mwombaji husailiwa ana kwa ana. Akipokewa, matokeo yake hufuatiliwa kipindi baada ya kipindi, na anayelegea hupoteza nafasi. Anayefanya vizuri hushikwa mkono hadi shahada za juu, hata ng'ambo, kwa tarajio kwamba atarudi kufundisha. Ni ngazi ileile ya Kataliko, safari hii ikiwa na wafadhili wa Ujerumani.

Udhaifu wake uko hapohapo penye nguvu. Mfuko wa wenye akili nyingi huwachukua wachache. Kwenye promosyo, yaani darasa la mwaka mmoja, ya watu wengi, mmoja atapata msaada na waliosalia watarudi kwa asistanti.

Miaka ya msiba

Oktoba 2014 yalianza mauaji ya raia mjini Beni na vijijini kandokando yake, ambayo mengi yamehusishwa na waasi wa ADF. Tangu hapo maelfu wameuawa. Tarehe 1 Agosti 2018, kutoka Mangina, karibu na Beni, ikatangazwa Ebola. Ilidumu hadi 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287. Watu wengi hawakuwaamini wataalamu, na tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu cha Graben mjini Butembo, wakamuua daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliyekuwa kwenye kikao na wenzake. Mahali ambapo vijana hujifunzia udaktari pakawa mahali pa kujifunza kwamba udaktari huua.

Katika mazingira hayo maana ya kumlea mwanafunzi ilibadilika. Tarehe ya kukabidhi TFC haikuwa tena suala la uvivu au bidii. Mwanafunzi wa kilimo ambaye shamba lake la majaribio liko upande wa mashariki wa Beni hawezi kulifikia, na msimamizi mwenye busara humbadilishia mada kabla hajafa kwa ajili ya data. Wakati wa mazishi darasa huchanga. Kijana aliyepoteza wazazi hutafutiwa mtu wa kumsemea ofisini kwa uongozi ili minervali isubiri. Hayo hayamo kwenye fomu yoyote ya tathmini.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini, ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na serikali ya mkoa ikahamia Beni. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Profesa wa ndege, aliyekuwa tayari adimu, akawa adimu zaidi.

Kipimo

Si haki kumchora asistanti kama malaika. Mwenye kushika alama ameshika pia kishawishi, na wanafunzi wa Kongo nzima wana mizaha michungu kuhusu alama zinazonunuliwa kwa fedha au kwa mwili. Ulezi wa mtu mmoja asiyeangaliwa na yeyote unaweza kugeuka utumwa. Ndiyo sababu wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Kazi nzuri ya programu ni kuongeza mikono na kuongeza macho: mlezi awe zaidi ya mmoja, mwanafunzi awe na pa kulalamika, na asistanti mwenyewe awe na mtu wa juu anayemsukuma amalize udaktari wake badala ya kuzeeka akiwa asistanti.

Leo Butembo ina vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo cha Waasumpsionisti na kile cha serikali cha Ruwenzori, na Beni ina cha serikali cha Semuliki kando ya UCBC. Kila kimoja kitaandika ripoti kuhusu wanafunzi wangapi walihudhuria semina ya ushauri. Ripoti hizo zina kazi yake. Lakini ukitaka kujua kama ulezi umefaulu, kiulize kitivo swali moja: kati ya maprofesa mnaowahesabu mwaka huu, wangapi walikuwa wanafunzi hapahapa, wakawa maasistanti hapahapa, na jioni hulala hapahapa? Idadi hiyo ikipanda, ndege za Rughenda zitabeba mizigo mingine.